Sura ya Tano: Jina Linalotokea Ukituma Pesa

Kuna sekunde chache ambazo kila aliyewahi kununua kitu mtandaoni, Tanzania au Kenya, anazijua. Umeshaona picha, umeshauliza bei, mmeshakubaliana. Unaingiza namba, unaingiza kiasi, na kabla pesa haijaondoka simu inakuonyesha jina la anayekwenda kuipokea. Ukurasa uliokuvutia una jina la kifahari na picha ya waridi. Jina lililotokea kwenye simu ni la mwanamume ambaye hujawahi kumsikia. Unasita. Unarudi kwenye mazungumzo na kuandika, "Samahani dada, mbona limekuja jina la mtu mwingine?"

Majibu huwa ni yale yale: laini ni ya kaka, laini ni ya mume wangu, tuma tu usiogope. Pengine ni kweli. Lakini katika nchi ambazo kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", kusita si ushamba. Mnunuzi anauliza swali moja la msingi: kitanda kikivunjika, gauni likibana, simu ikigoma kuwaka, nitamlalamikia nani?

Wanaofundisha habari za kujijengea chapa mtandaoni huanzia kwenye rangi, nembo na picha ya wasifu. Sina ugomvi na rangi. Ila nimekaa na wafanyabiashara wadogo miaka ya kutosha kuona kwamba watu wanaodumu ni wale waliojibu hilo swali la mnunuzi kabla hajaliuliza. Chapa, ukiivua mapambo yote, ni mahali pa kulalamikia.

Wafanyabiashara wa Mombasa walilijua jambo hili kabla ya umeme kufika mitaani. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na kanga zake zikachapwa alama ambayo wanawake wa Pwani wanaitafuta hadi leo katika Mtaa wa Biashara: K.H.E., Mali ya Abdulla. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, yaani ule msemo unaomfanya jirani asome mgongo wako akajua amesemwa. Jina la kanga hubadilika kila msimu. Mali ya Abdulla haibadiliki. Mwenye duka angeweza kuuza kitambaa kisicho na alama, kama wengi walivyofanya, na kikichuja mnunuzi angebaki kulaani mvua na sabuni. Akachagua kuandika. Anayeandika jina lake kwenye nguo ya mtu amempa mtu huyo haki ya kurudi dukani na kuitupa mezani.

Sasa nije Keko.

Keko, Dar es Salaam, ndiko watu wanakokwenda kutafuta vitanda, makabati na makochi ya kutengenezewa. Nina rafiki seremala pale. Amekataa nimtaje jina, na naona kichekesho cha sura inayosifu majina kumficha mtu wake mkuu, lakini sababu yake ilinishinda. Alisema anayemhitaji anajua pa kumpata, na asiyemhitaji atampigia simu za bure.

Huyu fundi aliingia mtandaoni kupitia mpwa wake, kijana aliyemaliza chuo na kukosa kazi. Kijana alifungua ukurasa akaupa jina la Kiingereza lenye maneno matatu, ambalo mjomba mwenyewe hakuweza kulitamka bila kulisoma. Akajaza picha. Makochi ya ngozi nyeupe, meza za vioo, vitanda vyenye taa za buluu chini yake. Hakuna hata kimoja kilichowahi kupita Keko. Picha zilikuwa za viwanda vya ng'ambo, na katika mojawapo, nyuma ya kochi, dirishani, theluji ilikuwa inaanguka.

Wafuasi walikuja kwa kasi. Kisha akaja mama mmoja kutoka Tabata, akashuka kwenye bajaji na simu mkononi.

"Fundi, nataka hili."

"Mama, hili si langu."

"Si lipo kwenye ukurasa wako?"

"Aliliweka mpwa wangu."

"Kwa hiyo siku zote nilikuwa naongea na wewe au na mpwa wako?"

Fundi anasema katika miaka yake yote ya kazi, akiwa ameshagombana na wateja, na wenye nyumba, na watu wa manispaa, hakuna swali lililomwaibisha kama lile. Mama aliondoka. Jioni ile mjomba na mpwa walikaa kwenye rundo la mbao wakafuta picha moja baada ya nyingine, kijana akinung'unika kwamba wanaua biashara. Walipomaliza ukurasa ulikuwa mtupu na wafuasi wakaanza kupungua.

Walichoweka baadaye kilikuwa kile kilichokuwepo. Vumbi la randa. Redio inayokoroma. Fundi akiwa na penseli sikioni, akisema kwa lafudhi yake ya Kipare ambayo mpwa alitaka aifiche. Video iliyowafungulia njia haikuuza kitu. Fundi alishika vipande viwili vya mbao vyenye rangi moja ya kahawia iliyoiva, akaeleza kwamba kimoja ni mninga na kingine ni msonobari wa Mafinga uliopakwa rangi ukafanana na mninga, na kwamba wapo wanaouza wa pili kwa bei ya wa kwanza. Utajuaje? Nyanyua, mninga ni mzito. Kisha akakipindua kitanda kilichokuwa kando yake, miguu juu. "Angalia huku chini," akasema. "Huku hakuna anayepoteza rangi yake. Ukikuta weupe, umepigwa."

Watu walikwenda nyumbani kupindua vitanda vyao. Walituma picha. Wengine walikuta mninga, wengine walikuta aibu. Sidhani kama kuna wakala wa matangazo ambaye angebuni kitu kama kile, kwa sababu wakala angekuwa na wasiwasi wa kuwaudhi wauzaji wengine. Fundi hakuwa na wasiwasi huo kwa kuwa alikuwa akisema jambo analolisema kila siku kwa wateja wake, ila safari hii simu ilikuwa imewashwa.

Wengi hukosea hapa. Wanadhani uhalisia ni mtindo wa kupiga picha: zima taa nzuri, vaa fulana iliyochakaa, onyesha kasoro kidogo. Fundi alikuwa na jambo la kusema kwa sababu ameshika mbao tangu akiwa kijana. Asiye na kazi ya kuonyesha, kamera haitamzalishia. Nimeshawaambia vijana kadhaa waache kuposti kwa miezi 6 wakajifunze kazi kwanza. Hawanipendi.

Muhidin Issa Michuzi ni mfano mwingine wa hili, na watu wa rika langu watamkumbuka kwa tabasamu. Alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, akiwa kazini Helsinki na akisaidiwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa watu wa mwanzo kublogu kwa Kiswahili, Michuzi alikuwa tayari mpiga picha wa gazeti la Daily News kwa miaka mingi. Jicho alikuwa nalo, watu alikuwa anawajua. Alichofanya ni kufungua mlango. Akaiita Globu ya Jamii, na kazi ya kuiendesha akaiita libeneke. Wasomaji wakawa wadau, naye akawa Ankal. Ndani yake mlikuwa na harusi za Sinza, tanzia, mabaraza ya Watanzania walioko Washington na London, waziri akikata utepe na mpira wa Simba na Yanga, vyote katika ukurasa mmoja kama vile sebule ya ukoo siku ya Idi.

Angalia hilo neno Ankal. Mjomba unaweza kumtania. Unaweza kumwambia picha yako leo haina kichwa wala miguu, na wadau walimwambia, hadharani, chini ya picha yenyewe. Cheo alichokubali kuitwa kilikuwa cha mtu anayelaumika. Linganisha na hawa wanaojiita Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni yenye mtu mmoja na meza ya kuazima: umejipa cheo ambacho mteja anakiogopa, halafu unashangaa kwa nini hakuulizi kitu.

Na kuwa na jina kuna gharama nyingine. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni Tanzania zilipoleta leseni ambayo ada zake kwa jumla zilifika shilingi milioni 2.1, blogu nyingi ndogo zilizimika. Sitaingia kwenye siasa ya jambo hilo katika sura hii. Nasema tu kwamba anayeweka jina lake wazi hupatikana na mteja, hupatikana na mwizi, na hupatikana na serikali pia.

Kisha kuna Kili Paul. Mwishoni mwa mwaka 2021 kijana wa Kimasai kutoka kijiji cha Mindu Tulieni, mkoa wa Pwani, alionekana mtandaoni na dada yake Neema wakifuatisha kwa midomo wimbo wa filamu ya Kihindi Shershaah. Shuka, shanga, majani nyuma yao, basi. Februari 2022 ubalozi wa India Dar es Salaam ulimkaribisha ukamtunukia, na tarehe 27 mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hawa katika kipindi chake cha redio, Mann Ki Baat.

Niliwasikia wasomi wakisema kuwa yule si halisi: Mmasai na Kihindi wapi na wapi? Hao hawakuwahi kukaa kwenye sinema za Avalon au Empire siku za zamani, ukumbi mzima ukilia na kuimba maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mapenzi ya filamu za Kihindi katika mwambao wetu yana umri wa mababu. Kijana huyu aliyapata utotoni kama wengine walivyoyapata, na hakuna kanuni inayosema mtu wa ng'ombe asipende nyimbo. Kilichonivutia zaidi ni yale waandishi wa habari waliyoyakuta walipofunga safari hadi kijijini. Walikuta ng'ombe. Walikuta kijana anayelima na kuchunga, ambaye nyumbani hana umeme, anayekwenda kuchajia simu mji wa Lugoba. Walikagua, na kilichokuwa kwenye video kilikuwa ndicho kilichokuwa uani. Kama wangekuta jumba Mbezi Beach na shuka limetundikwa kwenye hanga, hadithi ingekwisha siku hiyo.

Kinyume chake tunacho, na tumekipa jina: kiki. Wimbo unatoka Ijumaa, kwa hiyo Jumatatu wapenzi wanaachana, Jumatano mama mzazi anajibu, Alhamisi chawa wawili, wapambe wao, wanatukanana, na Ijumaa wote wanacheka kwenye uzinduzi. Kiki hufanya kazi, tusidanganyane. Watu huangalia. Tatizo lake ni kwamba hutoa hisia za watu bila kuwapa pa kuzirudishia. Uliyemhurumia Jumatatu hakuumwa, uliyemtetea Alhamisi hakutukanwa. Mara ya 3 mtazamaji hucheka, mara ya 5 hupita. Na siku ambayo msanii huyo atafiwa kweli, kuna watu watauliza albamu inatoka lini. Nimeona maoni ya namna hiyo chini ya picha ya jeneza, nikafunga simu.

Turudi kwa fundi, kwa sababu mtihani wake mkubwa haukuwa mama wa Tabata. Mteja wa Kigamboni aliweka picha kwenye ukurasa, chini ya tangazo la kitanda kipya, mbele ya kila mtu. Ubavu wa kitanda chake ulikuwa umepasuka kwa urefu. Aliandika maneno mawili: "Miezi minne."

Mpwa alitaka kufuta na kumfungia. Fundi alivuka kwa kivuko na kisanduku cha vifaa. Kule, mbele ya simu aliyoshikiwa na mtoto wa mwenye nyumba, alisema mbao ile aliinunua ikiwa mbichi. Mbao inatakiwa ipangwe kivulini, na vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite, ikae hadi inywee yenyewe. Yeye alikuwa anakimbizana na oda za Idi, akairanda ikiwa bado na maji, nayo ikanywea ndani ya nyumba ya mteja. "Kosa ni langu, na ubavu huu nautoa." Akautoa, akapima mwingine.

Video hiyo ilimletea oda nyingi kuliko zote zilizotangulia. Nasita kuiandika sentensi hiyo, kwa sababu najua kuna msomaji ameshaanza kupanga kosa lake la wiki ijayo. Kuomba radhi mtandaoni kumeshakuwa aina ya kiki: mtu analia, anafuta machozi kwa tishu, na bidhaa ile ile mbovu inaendelea kuuzwa chini ya video. Cha Kigamboni kilichouza ni ubavu mpya. Bila huo, maneno yale yangekuwa kelele za mtu mwenye aibu.

Halafu kuna suala la bei. "Bei njoo inbox." Nimewauliza wauzaji kwa nini wanaficha, na sababu ni mbili. Wanaogopa mpinzani asiwapunguzie, na wanataka kumwona mteja kwanza kabla ya kumkadiria. Ya pili hawaisemi kwa sauti. Mteja anaijua. Anajua kwamba mwenye picha ya gari kwenye wasifu wake atatajiwa bei yake, na mwenye picha ya ua atatajiwa nyingine. Fundi wangu aliandika bei ya kila kitanda kwa upana na aina ya mbao, akaongeza kwamba usafiri ni juu ya mteja, akamaliza. Wapinzani wawili walishusha bei chini yake ndani ya wiki. Bado yupo. Wao sijui kama wanapata faida, maana mninga haununuliki kwa bei hiyo.

Kuna wanaoniuliza: basi nionyeshe kila kitu? Mtoto akiumwa niposti? Nikigombana na mume nieleze? Nyumba ya Kiswahili ina jibu la zamani kuliko simu. Mbele kuna baraza. Ndani kuna ukumbi, na nyuma kuna ua. Anayekaa barazani amevaa, ameoga, na bado yuko kwake. Hakuna mpita njia anayemwita mnafiki kwa sababu hajamwona akiwa kitandani. Fundi ana wake na watoto, nami sijawahi kuwaona kwenye ukurasa wake. Nilipomuuliza alinitazama kama nimemuuliza rangi ya shuka zake.

Wateja nao wana ua wao. Wauzaji hupenda kuposti picha za waliofurahi bila kuwauliza, na sheria imeanza kuwafikia. Mwaka 2023 klabu moja ya starehe Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata bila hakimu, mtu aliyekuja kununua kitanda hakuja kutangazwa kwamba alikuwa analala chini.

Jambo la mwisho ni la laini ya simu. Ukurasa si wako. Umepanga, na mwenye nyumba yuko mbali. Kuna anayefungiwa bila kuambiwa kosa, kuna anayeibiwa. Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na kwa alama za vidole vyako ni yako zaidi ya ukurasa wenye wafuasi 100,000. Usiibadilishe ovyo. Na hakikisha jina linalotokea mtu akikutumia pesa lina uhusiano na jina unalofanyia biashara, au uandike wazi kwenye ukurasa: jina litakalotokea ni hili. Mstari huo mmoja umewasaidia watu ninaowafahamu kuliko nembo waliyolipia.

Fundi aliibiwa. Alitumiwa ujumbe na "rafiki" aliyeomba amsaidie kuipokea namba fulani ya tarakimu 6, akaipokea, akaituma. Kabla ya saa kuisha ukurasa ulikuwa na mwenyewe mwingine, aliyekuwa anawaalika wafuasi kuwekeza dola na kuvuna mara 3 ndani ya siku moja.

Alijua kwa kupigiwa simu. Alikuwa juu ya mbao, mikono imejaa gundi, akabonyeza kwa kiwiko. Alikuwa yule mama wa Tabata, ambaye baada ya yote alirudi kuchukua kabati la nguo na baadaye meza ya chakula.

"Fundi, ukurasa wako umeibiwa."

"Umejuaje, mama?"

"Ameniandikia 'Hello dear'," mama alisema. "Na nilipomuuliza bei, akaniambia niende inbox."